Kamati Iliyokagua Televisheni ya Siti

Mwezi wa Juni mwaka 1996, burudani ya wananchi wa Kasulu na Kibondo ilipata mwenyewe. Tangazo nililisoma mimi, siku ya soko pale Kasulu, nikiwa nimesimama juu ya kreti la soda na kipaza sauti cha betri mkononi. Nilisema kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mwananchi atakayecheka, kulia wala kushtuka mbele ya video kabla kicheko hicho, kilio hicho au mshtuko huo haujapimwa na kuidhinishwa na Kamati ya Burudani Safi. Wananchi walinisikiliza kwa utulivu mkubwa. Mama mmoja wa Munanila aliyekuwa akiuza maharage aliuliza kama nimemaliza na kreti, maana lilikuwa lake.

Naitwa Bazilio. Nilikuwa Katibu wa Kamati. Mwenyekiti alikuwa Bwana Hilali, mtu wa Tanga, mnene wa heshima, aliyeletwa na Mamlaka ya Burudani baada ya kuongoza vizuri sana kamati nyingine ambayo sikuwahi kuambiwa ilikuwa ya nini. Mimi natoka Morogoro. Kwa kuwa kanuni zilitaka mjumbe mmoja awe mwenyeji, tulimteua Mzee Pasikali, mtunza stoo mstaafu, Muha wa hapo hapo mjini, mtu asiyependa maneno mengi. Sisi watatu ndio tuliokabidhiwa maadili ya nyanda zote za juu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupata vifaa. Mamlaka ilitutumia mhuri, wino, rejista kumi na mbili na mchoro wa televisheni. Televisheni yenyewe haikuja. Kibondo kulikuwa na mtu mmoja mwenye ukumbi wa video, lakini alipopata fununu alifunika seti yake kwa magunia ya muhogo, akaipakia kwenye baiskeli na kushika njia ya Nyabibuye. Tuliliandika jambo hilo chini ya kichwa "Upungufu wa Mwamko". Ikabaki televisheni ya Siti.

Siti alikuwa mjane wa dereva wa lori. Marehemu alimwachia televisheni ya inchi ishirini, deki, jenereta na kanda hamsini na tatu. Alikodi chumba kirefu nyuma ya soko la Kasulu, akapanga mabenchi, na mlangoni akaweka jiko la vitumbua. Watu walikuja kwa miguu kutoka vijiji vya mbali, na si kwa ajili ya picha tu. Walimfuata Ndayiragije. Huyu alikuwa fundi redio, mtu mzima, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili. Filamu zote zilikuwa za Kihindi au za Kichina, kwa hiyo yeye alisimama kando ya televisheni na fimbo, akieleza kila mtu kwenye picha anasema nini, Kiswahili na Kiha vikipishana.

Tulifika kwa Siti asubuhi, tukiwa na mkokoteni.

"Tunachukua kwa ukaguzi," Mwenyekiti alimwambia. "Siku saba tu."

"Mnakagua kanda au mnakagua televisheni?"

"Kanda."

"Basi chukueni kanda."

"Dada Siti, kanda bila televisheni nitaikaguaje? Niitie sikioni?"

Siti akafikiri kidogo. "Na jenereta?"

"Jenereta ni kiambatanisho."

Akatuandalia vitu vyake vizuri, kila kimoja akikifuta vumbi kwa upande wa khanga, na alipofika kwenye deki akasema ilikuwa ikishika kanda kwa taabu, tuitoe polepole. Nakumbuka nilimshukuru kwa ushirikiano na kumpa risiti yenye mhuri.

Siku saba ziliisha, lakini ukaguzi ulikuwa wa kina. Tuliweka mapazia mazito ofisini, tukawa tunaanza saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, kwa nidhamu ambayo sijaiona katika ofisi nyingine yoyote niliyofanya kazi. Hakuna aliyechelewa. Kila filamu tuliitazama mara mbili, ya kwanza kwa kubaini na ya pili kwa kuthibitisha. Zile za ngumi tulizirudia mara ya tatu, kwa sababu Mwenyekiti alieleza kwamba mateke yanakwenda kasi na uovu unaweza kupita katikati bila kuonekana. Petroli ya jenereta aliileta Siti, kwa mujibu wa kanuni inayosema mkaguliwa hugharamia ukaguzi.

Alikuja kila Jumatatu na sahani ya vitumbua. Alikaa kwenye benchi la nje, akisikia jenereta yake ikinguruma nyuma ya ofisi yetu.

"Mheshimiwa, wiki ya tatu hii."

"Tuko hatua nyeti, dada."

Wiki ya nane alikuja bila vitumbua. Alisema mwenye nyumba ameshaleta magunia mawili ya mahindi na kuyaweka juu ya mabenchi yake. Mwezi ukiisha kabla hajafungua, chumba kitakuwa ghala, na mabenchi atayafanya kuni.

"Mimi sina kazi nyingine, Mheshimiwa," alisema. "Na sina pa kuanzia upya."

"Nimekuelewa kabisa," alijibu Mwenyekiti. "Katibu, andika kwamba tumemwelewa."

Niliandika. Mzee Pasikali alimsindikiza Siti hadi barabarani, nikawaona wamesimama wakiongea Kiha kwa muda mrefu. Nilirudi kwenye rejista kutafuta safu ya kuandikia habari za mabenchi, sikuiona.

Ugumu halisi ulikuja mwisho wa robo mwaka. Fomu ya Mamlaka ilikuwa na safu iitwayo "Maneno Yaliyotamkwa", na safu hiyo tulikuwa tumeiacha wazi kwa filamu zote. Pia waraka ulikumbusha kwamba kila kamati lazima itoe angalau azimio moja lenye meno, ama sivyo itavunjwa. Sisi hatukuwa na azimio lolote. Mzee Pasikali, ambaye kwa wiki tisa alikuwa hajatoa hoja, akatoa hoja.

"Tumwite Ndayiragije. Atatufasiria."

"Anajua Kihindi?" aliuliza Mwenyekiti.

"Kila siku anakisema."

Tulimwita. Tulijiridhisha kuhusu ujuzi wake kwa kumuuliza kama anaweza kazi hiyo, naye akajibu anaiweza. Alivaa koti kwa ajili ya shughuli hiyo na kuja na fimbo yake. Tukaweka kanda moja ya Kihindi tuliyokuwa tumeshaiona mara mbili, yenye mwanamke aliyevaa nyeupe, bwana mmoja mwenye kilemba na tumbo, na nyimbo saba. Sisi siku zote tulidhani ni habari ya harusi.

"Huyu mama ni mjane," alianza Ndayiragije, akigusa kioo kwa ncha ya fimbo. "Mumewe amemwachia sufuria moja. Anapikia watu wali, wanamlipa, anaishi. Huyu bwana mwenye kilemba ni afisa. Anamwambia, 'Dada, naichukua sufuria yako nikaikague kama inaivisha vizuri.'"

"Sufuria inakaguliwaje?" alisema Mwenyekiti.

"Ndivyo anavyouliza mama hapa. Bwana anajibu, 'Siku saba tu.'"

Mwenyekiti alisogeza kiti mbele. Kwenye picha bwana mwenye kilemba alikuwa akicheka kando ya chemchemi, na Ndayiragije akaeleza kwamba sasa ni wiki ya tano, afisa anapika pilau kwenye sufuria hiyo kila siku, na kuni analeta mjane.

"Kuni analeta mjane?"

"Kwa kanuni, Mheshimiwa."

Wimbo ulipoanza, mwanamke mwenye nguo nyeupe akazunguka mti. Ndayiragije alishusha sauti. Alisema mama anaimba kwamba hamchukii afisa, ila kila asubuhi anaamka na kunyoosha mkono jikoni mahali sufuria ilipokuwa, kisha anakumbuka. Aliyasema hayo bila kututazama. Bwana Hilali alitoa leso. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata kwenye zile tulizoziidhinisha kwa kulia.

"Mshenzi huyu," alisema. "Mtu mzima, ana wadhifa, ana shati safi, anakalia sufuria ya mjane. Katibu, andika. Hili ndilo azimio letu."

"Niandike dhidi ya nani, Mheshimiwa? Huyu ni wa kwenye picha."

"Andika kwa ujumla. Wapo wengi wa namna hii. Andika: afisa yeyote katika eneo letu anayeshikilia mali ya mjane kwa kisingizio cha ukaguzi, avuliwe wadhifa wake na airudishe mali hiyo yeye mwenyewe, kichwani."

"Mchana kweupe, kupitia sokoni," aliongeza Mzee Pasikali, bila kuinua uso.

"Safi sana. Ongeza hiyo."

Niliongeza. Mwenyekiti alitia sahihi kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa nakala ya tatu. Siku ya soko nililisoma azimio kwa kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza tangu Kamati ianzishwe wananchi walitupigia makofi. Walinirudisha nilisome tena. Mwenyekiti, aliyekuwa pembeni yangu, aliwapungia mkono. Alinieleza tukirudi ofisini kwamba hiyo ndiyo tofauti kati ya uongozi na kelele.

Azimio likaenda Mamlaka, na Mamlaka ikamtuma Mkaguzi wa Kanda, Bibi Asmahani. Alifika na gari lililojaa vumbi, mwanamke mwembamba mwenye miwani, akaomba maji, akanywa, akalitoa azimio letu kwenye bahasha.

"Nimelipenda," alisema. "Ni la kwanza lenye maana tulilopata mwaka huu. Afisa mwenyewe ni nani?"

"Ni wa kwenye filamu, Bibi Mkaguzi," alisema Mwenyekiti.

"Filamu ya lugha gani?"

"Kihindi."

"Mnajua Kihindi?"

"Tulikuwa na mkalimani."

Ndayiragije akaitwa kutoka dukani kwake, bisibisi bado mkononi.

"Mwakeye," alitusalimu.

"Kaka, unajua Kihindi?" aliuliza Bibi Asmahani.

"Hapana, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Kwa Siti watu wote wanajua kwamba sijui. Ndiyo maana wanakuja."

"Sasa habari za sufuria umezitoa wapi?"

Ndayiragije akaelekeza kwa bisibisi kwenye kona ya ofisi, palipokuwa televisheni, deki, na nyuma ya dirisha, jenereta. Bibi Asmahani aliinuka, akaenda mpaka kwenye televisheni, akaisoma karatasi iliyobandikwa mgongoni, yenye jina la Siti kwa mwandiko wa marehemu mumewe. Alirudi akaketi.

"Bwana Hilali, ninazo fomu mbili. Hii ya kwanza ni ya kamati iliyotazama filamu hamsini na tatu kwa wiki kumi na moja bila kuelewa neno, ikaziwekea mhuri. Hiyo inapelekwa Dar es Salaam, mnafuata na nyinyi. Hii ya pili ni ya kamati iliyogundua afisa mbaya, ikapitisha azimio, na leo inalitekeleza. Kamati ya namna hiyo haina kesi. Chagua."

Mwenyekiti alizisoma fomu zote mbili. "Nikichagua ya pili, yule afisa mbaya atakuwa nani?"

"Hii ofisi ni ya nani?"

Alichagua ya pili.

Ilikuwa saa sita na nusu, Jumamosi, soko limejaa. Tulimwinulia Mwenyekiti televisheni kichwani, ikamkaa vibaya, ndipo mama mmoja muuza ndizi alipomhurumia na kumkunjia ngata ya khanga. Mimi nilibeba deki. Mzee Pasikali na Ndayiragije walisukuma jenereta kwenye mkokoteni. Bibi Asmahani alifuata nyuma na fomu yake, mhuri wa Kamati akiwa ameshautia mkobani. Wananchi walitupisha njia kwa adabu, wengine wakavua kofia, na mmoja akauliza, "Mheshimiwa, unahamia wapi?"

"Natekeleza," alijibu Bwana Hilali, shingo ikiwa imenyooka kwa lazima.

Siti alikuwa ameshatoa magunia ya mahindi nje. Aliipokea televisheni kwa mikono miwili, akaizungusha kutazama kila upande, akapitisha kidole kwenye kioo. Kisha aliinamisha uso kwenye khanga yake na kukaa hivyo kidogo. Alipoinuka alimkaribisha Bibi Asmahani ndani, na Mzee Pasikali, na watu waliotufuata kutoka sokoni. Mwenyekiti aliponyanyua mguu kuvuka kizingiti, Siti alimzuia taratibu.

"Nyinyi kaeni hapo nje kidogo, kaka zangu. Niijaribu kwanza kama ni nzima."

Tukakaa juu ya magunia ya mahindi. Jenereta iliwaka. Punde tukasikia muziki wa ile filamu ya bwana mwenye kilemba, na sauti ya Ndayiragije, safari hii yote kwa Kiha, kisha kicheko kilichotikisa bati. Kilitulia, kikaanza upya. Saa ikapita. Ikapita ya pili.

"Wanacheka nini?" aliuliza Bwana Hilali.

"Sijui, Mheshimiwa. Anafasiri kwa Kiha."

"Nenda ukamwambie Mzee Pasikali aje atueleze."

Nilikwenda mlangoni, nikarudi.

"Pamejaa, Mheshimiwa. Hawezi kupita."

"Umewaambia ni mimi ninayemwita?"

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Wamesema kwa Kiha," nilimjibu. "Halafu wamecheka tena."