Kuhusu Santuri za Klabu Zinazoniharibia Rubisi ya Harusi

Kamachumu,
Agosti, 1957

Kwa Bwana Mujuni,
Katibu na Msimamizi wa Muziki,
Klabu ya Wakulima, Kamachumu.

Bwana Katibu,

Baada ya kukutakia afya njema wewe na mama yake Celina, naomba radhi kwa kukuchosha macho. Ni mimi Protase, jirani yako wa chini ya soko, baba yake Joviana, yule anayengoja kuolewa Rubafu. Nasema "anayengoja" kwa sababu yako.

Kama ujuavyo, wakwe hawaji kumchukua binti wakakaribishwa kwa maji ya mtungi. Lazima pawe na rubisi, pombe yetu ya ndizi, na ndizi zake hukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti. Tangu mlipofunga kile kipaza sauti juu ya mkaratusi, wakanyagaji wangu waliacha kuimba wenyewe, wakawa wanafuata santuri zako za rumba kila alasiri. Ndizi zilitoa maji kwa hiari yake. Kisha ukaanza kubadilisha vipindi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Uliondoa rumba ukaweka dansi ya Kizungu, ile ya kuzungukazunguka. Bwana, dansi ile ina hatua tatu, na binadamu ana miguu miwili! Datius, fundi wa kukanyaga tangu ujana wake, alianguka ndani ya mtumbwi wa ndizi akatoka na nyasi mpaka masikioni. Rubisi haikupatikana. Harusi ikaahirishwa.

2. Tulipoanza kuzizoea hizo hatua tatu, ukaleta mazungumzo ya ufugaji wa kondoo. Wakanyagaji wangu wana adabu. Mtu akizungumza hawamkatishi. Walisimama ndani ya mtumbwi, wamekunja suruali, wakisikiliza magonjwa ya kwato mpaka jua likazama. Nani hapa Kamachumu ana kondoo? Nitajie hata mmoja! Ndizi zikachacha, nikalazimika kutuma mtu awarudishe wakwe njiani. Aibu niliyoipata siwezi kuiandika.

3. Hili ndilo lililonipandisha hasira. Ukaweka nyimbo za kanisani. Mpwa wangu Gamaliel ni Mlutheri, hukanyaga lakini hanywi, na hakuna mwenye miguu mizito kama yake. Wimbo ulipoanza alivua kofia, akatoka mtumbwini, akasema hawezi kukanyaga pombe huku Mungu anasifiwa. Sisi Wakatoliki tukaona haya kubaki humo peke yetu. Tukatoka pia.

Sasa wakwe wametuma neno: wakija safari hii wakakosa rubisi, watatafuta binti kule Maruku. Wanadhani nawachezea. Hivi kweli, Bwana Katibu, mtoto wangu akose mume kwa ajili ya kwato za kondoo?

Kwa hiyo naomba rumba irudi kabla ya Jumamosi. Ikishindikana, kamati nzima ya klabu ije kwangu ikanyage, mweka hazina akiwa wa kwanza, maana ana unene wa kufaa. Hilo nalo likishindikana, nasikia binti yako Celina amefikia umri. Mtoe yeye, wakwe wasirudi mikono mitupu.

Wasalimie wote nyumbani, wanakamati wote, na yule kijana anayegeuza santuri, ingawa hastahili.

Ni mimi jirani yako unayenionea,
Protase Rwegasira

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, Joviana ameniletea kahawa ya kutafuna, akakaa nimsomee barua hii. Ndiye kitindamimba wangu. Dada zake wote wamekwishaolewa. Alicheka pale pa Datius, akacheka pa Gamaliel. Nilipofika kwenye rumba kurudi kabla ya Jumamosi, akanishukuru kwa furaha, akaingia ndani kupanga nguo zake sandukuni. Anaimba huko. Mimi nimebaki hapa uani na kahawa yangu, na sijui nani atakayeniletea nyingine. Bwana Katibu, nakusihi, Jumamosi weka yale ya kondoo. Kama yapo na ya mbuzi, yaunganishe.