Matairi Mapya ya Kushukia Mteremko

Jumatatu, 4 Machi

Andika, binti yangu, na usiniwekee maneno ya shuleni. Weka ninavyosema. Mimi kalamu sikuijua, nilijua chanuo. Vichwa nilivyosuka mjini hapa, wenyewe wengine sasa wana vipara.

Leo kaja mama mkwe wako. Ndiyo, mimi namwita Malkia, andika hivyo hivyo. Kaja na gari lake refu na dereva wake wa kuajiriwa, kakaa kwenye kiti changu bila kuambiwa, akasema mvua inakaribia, mjukuu naye anakaribia, na gari letu matairi yameisha. Akasema kwa mteremko wetu huu, lami ikilowa, tutafika mtaroni kabla ya hospitali. Anataka akuchukue ukakae kwake mpaka ujifungue. Chumba kipo tayari. Kina feni.

Nikasema tunashukuru. Moyoni sikushukuru. Wewe ndiye mtoto wangu pekee, sikukuzaa ili ukapewe feni.

Alipoondoka nikatoka nje nikapitisha kidole kwenye tairi. Laini kama sahani. Anasema kweli yule mwanamke, na hilo ndilo linaloniudhi.

Gari aliniachia marehemu baba yako. Kuendesha siwezi. Lakini ni langu, na mumeo ni wa usukani tu. Umecheka. Andika kwamba umecheka.

Jumanne, 5 Machi

Mkwe wangu kaniambia ana rafiki anauza matairi ya mtumba, bado mazuri. Nikamuuliza kama angemnunulia mkewe viatu vya mtu mwingine vilivyokwisha soli akashukie navyo mteremko. Kanyamaza. Ni kijana mzuri, akishindwa hunyamaza. Baba yako alikuwa akishindwa anaimba. Lakini tuachane na hayo.

Tukaenda duka la matairi. Kumbe Malkia kashapiga simu. Kamwambia mwanawe tuchukue yale yenye meno makubwa kama ya trekta, kwamba ndiyo yanauma barabara. Muuzaji naye kayasifu. Nikayashika. Magumu kama kisigino changu. Nikabonyeza kwa kucha, kucha ikakataa. Nikawaambia haya yatang'ata tope, lakini kwetu hakuna tope, kwetu kuna lami na maji.

Ndipo nikayaona mengine pale kwenye kona. Yamesukwa! Nakwambia yamesukwa. Mstari katikati, na mistari mingine inatoka pale kati inakwenda pembeni, huku na huku, kama kichwa cha bibi harusi. Laini, kucha inaingia. Nikasema haya. Muuzaji akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia maji ni maji, ukiyafanyia njia yatapita, na kichwa kilichosukwa hivi mvua ikinyesha hakishiki tone. Akakubali kwamba haya ndiyo ya mvua hasa. Kasema kwa sauti ndogo, kwa sababu yale ya trekta ndiyo yaliyomkalia dukani.

Nimerudi nyumbani shingo ndefu. Malkia na meno yake.

Alhamisi, 7 Machi

Leo yamefungwa. Jana fundi alikuwa na msiba.

Sasa sikiliza, na hili mumeo asisome. Fundi kafunga yote manne, kashusha jeki, mumeo kaenda kunywa chai. Mimi nikasimama mbele ya gari nilitazame. Nikashtuka. Ile misuko imesimama! Kutoka kati inapanda juu, kama nywele za mtu aliyekutana na nyoka. Nikazunguka nyuma, kule imelala vizuri, inashuka pembeni, safi kabisa. Lakini gari linakwenda mbele au linakwenda nyuma? Mvua inalipiga usoni au kisogoni?

Nikamwita fundi. Nikamwambia kakosea. Akanionyesha mshale ubavuni mwa tairi, kwamba ndio unaosema gurudumu lizunguke upande upi. Nikamwambia mwanangu, mshale ni wa kiwandani, na kiwandani hawajawahi kusuka mtu. Ya kulia peleka kushoto, ya kushoto lete kulia, misuko ilale. Akasema bibi, yatakusanya maji badala ya kuyatoa. Nikamuuliza yeye nani alimnyoa utosi alipozaliwa. Akaichukua jeki yake. Nani anakumbuka nani alimnyoa utosi?

Kabadilisha. Mumeo kurudi, gari limechanwa vizuri, hakuona kitu. Nimefurahi mno.

Mbona umeacha kuandika? Usinitazame hivyo. Andika.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua imenyesha asubuhi. Ya kwanza, nzito. Nikamwambia mkwe wangu twende sisi wawili tukajaribu matairi, wewe ubaki. Wewe ulisema kwanza nimweleze mumeo habari za mshale. Nikasema nitamweleza njiani.

Mteremko tulishuka vizuri. Nikawa namwambia unaona, unaona. Kule chini kwenye kibonde, pale maji yanapotuama, gari likaacha kuwa gari. Likawa sabuni. Mkwe wangu anazungusha usukani, gari linakwenda kwa mambo yake. Likapita duka la dawa, likapita kinyozi, kinyozi akatupungia mkono, likaingia taratibu kwenye rundo la mchanga wa mtu anayejenga. Likakaa.

 Mvua tu juu ya bati la gari.

Mkwe wangu akaniuliza kama nimeumia. Sijaumia. Yeye je? Hajaumia. Gari nalo halina hata mkwaruzo, mchanga mpaka kwenye taa tu. Nikacheka nikalia, vyote pamoja. Halafu nikawaza, ungekuwa wewe kiti cha nyuma, na lile tumbo. Hapo sikucheka tena.

Kashuka, katazama magurudumu, kauona mshale. Unaelekea nyuma. Kaniuliza mama, hii imekuwaje. Nikamwambia fundi alikosea. Akauliza alikosea vipi. Nikasema alikosea kunisikiliza.

Mumeo kanyamaza mpaka nyumbani. Safari hii hakuwa ameshindwa.

Jumamosi, 9 Machi

Tumerudi kwa fundi. Hakunicheka, ningemwona. Kageuza yote, mishale yote mbele, kapima upepo, kasema sasa bibi usiguse. Tukaenda tena kwenye kile kibonde, maji yapo vilevile. Gari likapita, maji yakaruka pembeni kulia na kushoto kama mapazia yanafunguliwa. Mkwe wangu kakanyaga breki, likasimama pale pale. Nimepumua pumzi ambayo nilikuwa nayo tangu jana.

Kwa hiyo misuko ilikuwa sawa. Nilichagua sawa. Hili liandikwe kwa herufi kubwa.

Lakini Malkia kasikia habari za mchanga. Kinyozi yule mdomo wake hauna mlango. Kapiga simu, kesho anakuja kukuchukua, na safari hii hataki kusikia lolote. Na wewe umesema utakwenda, mama usikasirike. Sijakasirika. Nimekukunjia nguo zako mwenyewe. Ile kanga ya kijani nimeibakiza. Itakuwa imesahauliwa.

Jumanne, 12 Machi

Leo anaandika Malkia. Mwandiko wake mkubwa, karatasi inaisha haraka. Kaniuliza Malkia ni nani humu ndani. Nikamwambia ni mtu mmoja wa heshima.

Nitasema kwa kifupi. Jumapili kafika mchana, mvua inamwagika. Dereva wake kamshusha mlangoni, kaenda kutia mafuta. Hakurudi. Gari refu lile limezimika kwenye maji. Na ndipo binti akashika mlango, akaniambia mama, ni sasa.

Mkwe wangu kawasha gari langu. Malkia nyuma kulia, mimi nyuma kushoto, binti katikati kashika mikono yetu, na ana nguvu yule, vidole vyangu bado vimevimba. Malkia kafumba macho mteremko mzima akiomba. Mimi nilifumbua. Nilitazama kile kibonde kinakuja. Maji yamejaa mpaka kwenye mlango wa kinyozi. Nikasema ndani ya roho yangu, Mungu, usinihesabie yale ya Alhamisi.

Mapazia. Kulia, kushoto. Tukapita.

Mtoto wa kike, kabla ya magharibi. Mama mzima, mtoto mzima. Ana nywele, nyingi, laini. Malkia anasema kichwa ni cha kwao. Naandikisha hapa kwamba si kweli, na Malkia ameandika, lakini kaongeza alama ya kuuliza.

Tumekubaliana binti arudi kwangu na feni ije kwangu. Na Malkia pia, kwa wiki mbili tatu. Mungu ametuhurumia, sina la kusema zaidi.

Ila moja. Kesho wanaruhusiwa, gari litawaleta. Nimeyabonyeza yale matairi leo jioni. Magumu, yamejaa upepo kama ngoma. Kupanda mteremko mtoto atarushwa kama karanga kwenye ungo. Malkia kakubaliana nami. Tumetoka na mwavuli, yeye kashika tochi, mimi nimetoa upepo kwa kipini cha nywele, gurudumu moja moja, mpaka yakawa laini kama mito.

Mkwe wangu katoka sasa hivi kutazama gari. Anauliza mbona limelala chini. Tumemwambia linapumzika.