Kitanda Chenye Upindo

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata ofisi! Haina jirani mbea wala televisheni. Ipo uani kwetu na ina magurudumu: gari-nyumba letu kuukuu, jiko mbele, kitanda nyuma. Kitanda hicho kimekula nusu ya gari, na kazi yake ni kubeba mablanketi tu. Mimi fundi cherehani mzima nashonea ukumbini, napigwa vikumbo na kila apitaye! Mpango: kitanda kipandishwe juu, mimi na cherehani tuhamie mvunguni. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakuwa na utepe wa kupimia.

Nimemweleza mke wangu. Amesema nifanye nitakavyo, ila Jumamosi tunampeleka mama yake, kwa gari hilo hilo, akamwone dada yake. Hawajaonana miaka tisa, na mgongo wa mama hauwezi kukaa kitako siku nzima. Lazima ajinyooshe kitandani njiani. Nikamwambia hilo limekwisha.

Jumanne, 4 Juni

Tatizo ni seremala. Ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Namwita Bwana Rula, kwa sababu ya ile penseli sikioni na ujuaji wake. Alijitolea kuja kupima mwenyewe. Nimekataa katakata. Miaka ishirini napima viuno vya watu, nishindwe na gari? Nimepima, nimemwandikia vipimo vyote vya kitanda kipya kwenye karatasi. Amesoma, ameinua nyusi, ameuliza kama nina hakika. Nimemwambia akate kilichoandikwa. Akacheka kidogo. Wivu huo!

Alhamisi, 6 Juni

Kitanda kimekuja. Msiba!

Miguu imezidi inchi nne. Mbao za juu zimezidi inchi moja kila upande. Nimemwita Bwana Rula aje aone alivyoharibu. Amekuja na karatasi. Mwandiko ni wangu. Ndipo nikakumbuka: mkono wangu, kwa mazoea, uliacha upindo kwenye miguu, kama suruali ya mtoto anayekua, na nafasi ya mshono pembeni. Bwana Rula ameuliza, kwa upole wa kuudhi, mbao nitazikunjia wapi.

Nimemjibu kwamba ni makusudi, ndio mtindo. Alipoondoka nikazigongelea zile mbao kwa nyundo. Zimeingia. Hazitoki. Kati ya godoro na paa pamebaki futi moja.

Ijumaa, 7 Juni

Nimejaribu kulala. Unaingia kiubavu, kama barua chini ya mlango. Ukitaka kugeuka unashuka, unageuka, unapanda tena. Lakini mvunguni, raha tupu! Nimeshona sketi mbili na nusu. Mke wangu ameuliza kama kitanda cha mama kipo. Nimesema kipo, na huo si uongo. Lakini roho inanisuta. Mama yule hajanisema vibaya hata siku moja, na mimi nimemwandalia rafu ya vitabu.

Jumamosi, 8 Juni

Mama mkwe amefika saa moja asubuhi na kikapu chake. Nimemwamkia. Ametazama kitanda, kisha ameuliza, mwanangu, kule juu anapanda nani? Mke wangu alianza kukunja mablanketi, moja moja. Afadhali angefoka! Bwana Rula naye alikuwepo, msumeno mkononi, meno nje. Nikakiri habari ya upindo.

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaamua: cherehani itoke, godoro lishuke, yeye atalala mvunguni. Akaingia, akajinyoosha, akasema hajapata chumba chenye kivuli kizuri namna hii. Tukaondoka, mke wangu kwenye usukani. Cherehani imerudi ukumbini. Mimi nimesafiri kule juu, kwenye mbao tupu.

Jumapili, 9 Juni

Tulifika jana jioni. Wale dada wawili walikumbatiana, wakalia, nami nikalia waziwazi. Leo wako mvunguni wote wawili tangu asubuhi, wanapiga soga, hata chai wameletewa humo humo. Mke wangu amenitabasamia mara mbili.

Kwa hiyo mpango ulikuwa sahihi. Kosa ni la paa. Mkwe wa mwenyeji wetu ni fundi wa kuchomelea, mtu msikivu, hana maswali mengi. Amesema paa linakatwa na kuinuliwa kwa siku moja tu. Mke wangu sijamwambia. Ana furaha sana, sitaki kumharibia. Vipimo nimeshampa fundi.