Nilipompimia Sheikh Kaburi Akiwa Mzima

Jamani, leo nimeaibika, tena nimeaibika nikiwa nimelala.

Mnamjua Somoe, yule ninayemsema kila siku. Babu yake ni sheikh wa msikiti wetu mdogo hapa Likombe, na ndiye aliyemlea. Juzi Somoe aliniambia babu hapokei wazee wa posa mpaka amwone kijana mwenyewe kwa macho yake. Kwa hiyo leo asubuhi nilikwenda kuonwa. Nilivaa kanzu ya mjomba. (Iliniishia karibu na magoti. Mimi ni mrefu.) Usingizi sikuupata, nilikesha nafanya mazoezi ya kusema shikamoo.

Nikamkuta sheikh kwenye uwanja wa msikiti na afisa afya wa kata, wanabishana kwa adabu. Sheikh anataka siku yake ikifika azikwe pale pale, kati ya ukuta na tangi la udhu, jirani na imamu aliyemtangulia. Afisa akawa anamweleza kwamba yule alizikwa wakati hapa ni mikorosho mitupu. Sasa ni manispaa, watu huzikwa kwenye makaburi yaliyotengwa, na anayetaka pengine lazima apate kibali, awe sheikh asiwe sheikh. Na nyuma kuna kisima. Sheikh akasema nafasi ipo, apime aone. Afisa alikuwa amesahau futi ya kupimia.

Hapo ndipo wakaniona.

Nilisema shikamoo. Sheikh hakuitikia mara moja, alikuwa ananitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nikajua ameshanipenda.

"Tumelingana," akamwambia afisa. "Kijana, hebu lala hapa."

Ningesema nini? Mtu anayetafuta mke hakatai. Nililala kwa ubavu wa kulia, uso kibla. (Kazi nikipewa naifanya vizuri.) Jua likanipiga usoni. Sheikh akanihurumia, akanifunika na shali yake ya kijani, ile anayotembea nayo kila siku. Ilinienea, miguu tu ndiyo iliyobaki nje. Kisha wakaenda nyuma ya msikiti kuangalia kisima kiko umbali gani.

Hakuna aliyeniambia niamke. Na mimi kuamka bila kuambiwa, kwa babu mkwe, naona haya. Mchanga wa kando ya tangi ulikuwa wa baridi. Nikasema nifumbe macho kidogo tu.

Nikaamshwa na vilio. Wanawake wanalia, watoto wa madrasa wanalia. Mwanamume mmoja anasema marehemu apelekwe Mahurunga kwa wazee wake. Mwingine anasema hapana, yeye mwenyewe alipataka hapa, hamwoni amekuja kufia mahali pake? Wa tatu, sauti ya fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, anasema hapa haiwezekani, sheria ya mjini hairuhusu, tutashtakiwa sote.

Mimi chini ya shali nikaumia moyo. Jirani kafa na mimi nimelala! Nikaona si adabu kukaa kimya.

"Poleni sana," nikasema. "Kafa nani?"

Sijawahi kuona uwanja ukibaki mtupu namna ile. Fundi cherehani alikimbilia nyuma ya msikiti, akakutana uso kwa uso na sheikh anatoka kisimani. Akageuka, akarudi mbele, akanikuta mimi nimeketi na shali kichwani. Akakaa chini, akaanza kutoa shahada.

Aliyebaki amesimama mbele yangu ni bibi yake Somoe. Yeye ndiye aliyekuja na sinia la mihogo kwa ajili ya mgeni, akaiona chini shali anayoifua kwa mikono yake, akaanzisha kilio. Alinifunua, akanitazama, akainua sinia.

"Mume wangu umemweka wapi?"

Nilitaka kueleza. Sinia likashuka. (Mihogo ilikuwa imeshanimwagikia, kwa hiyo lilikuwa jepesi. Nashukuru.) Sheikh akafika anauliza kuna nini. Bibi alimtazama, akanitazama mimi, akakaa juu ya mihogo, akaanza kulia upya.

Na Somoe? Alikuwa ameshikilia ukuta, anacheka mpaka ushungi umemwanguka.

Afisa afya akamwambia sheikh taratibu kwamba yeye kibali hajatoa, na waombolezaji wameshafika. Sheikh akataka kujua walikuwa wanagombania nini. Fundi akamweleza yote, ya Mahurunga, ya hapa, ya sheria. Sheikh akalitazama kaburi la yule imamu. Nikaona posa yangu inazikwa, na hiyo wala haihitaji kibali.

"Nizikeni makaburini na watu wote," akasema mwishowe. "Hapa mmeshagombana na bado sijafa."

Akachukua shali yake, akaikung'uta, akaniuliza nilikuja kwa shida gani. Bibi ndiye aliyejibu, bila furaha, kwamba huyu ndiye anayemtaka Somoe.

Sheikh akanipima tena kwa macho.

"Anasikia anachoambiwa," akasema. "Mjomba wako aje Ijumaa. Na wewe uje, ila usilale."

Nimefika nyumbani nikakuta ujumbe wa Somoe: "Marehemu, umefika?" Nimemjibu nimefika salama. Nyie mkitaka kucheka, chekeni polepole. Mjomba yuko sebuleni, anauliza kwa nini kanzu yake inanuka mihogo.