Meno ya Kampuni Kubwa

Asali aliishi kwa ulimi, na ulimi bila meno haufiki mbali. Tangu avunjwe meno manne ya juu ya mbele na mpangaji aliyeuziwa naye nyumba isiyouzwa, kila akisema "salama" alitoa mluzi, na dalali anayepiga mluzi haaminiki hata na mtoto. Biashara ikadoda. Njaa ikaanza kumzoea.

Siku moja akipita mbele ya kliniki ya meno alimwona daktari, mama wa makamo, amekaa peke yake mapokezi akijipepea kwa gazeti. Benchi la wagonjwa lilikuwa tupu. Asali akatabasamu kwa midomo iliyofungwa, akaingia.

Alijitambulisha kuwa wakala wa kampuni kubwa inayotafuta kliniki ya kuwatibia wafanyakazi wake wote, pamoja na wake zao, watoto wao na mama wakwe. Ila mabosi, alisema, hawataki kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Wanataka kwanza kuiona kazi kinywani mwa wakala wao. Macho ya daktari yakang'aa. Hakuuliza hata jina la kampuni, na hapo, wasomaji wangu, mjue kwamba hata wasomi wana tamaa zao.

Basi Asali akalazwa kitini. Alidhani atapimwa tu aende zake, lakini daktari akawasha mashine na kuanza kuyachonga meno mazima. Asali akamshika mkono.

"Mama, hayo ndiyo yaliyobaki!"

"Tulia, baba. Nachonga vikalio vidogo tu, chuma cha kubeba meno ya bandia kipate pa kukaa. Kisipokalia meno kitadidimia kwenye ufizi, ushindwe hata kutafuna mkate."

Akayasawazisha na ubavuni, ili chuma kiingie na kutoka bila kukwama, kisha akamng'atisha ujiuji mzito ulioganda na kubeba umbo la kinywa chake.

Aliporudi siku ya miadi, fremu ya chuma ilikaa kwenye vikalio vyake kana kwamba ilizaliwa mle, na mbele yake meno manne meupe. Asali akajitazama kwenye kioo, akasema "salama". Mluzi haukutoka. Machozi yakamlengalenga, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake yalikuwa ya kweli. Daktari akaanza kuuliza wafanyakazi wanakuja lini, mara simu ikaita chumba cha pili, akaenda kuipokea. Aliporudi, kiti kilikuwa kitupu.

Asali alikwenda moja kwa moja kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, tajiri aliyeitamani nyumba moja ya kona kwa bei ya kutupa. Nyumba haikuwa ya Asali, lakini maneno yalikuwa yake, na siku ile yalitiririka. Tajiri akafungua droo ya fedha, ila akaagiza chai kwanza, wanywe kama ndugu. Asali akapiga funda kubwa la moto.

Jino la kwanza lilihama polepole, kama mtu anayetoroka kikao kirefu. Wenzake wakalifuata, wote wakatumbukia kikombeni. Tajiri akatazama kikombe, akatazama mdomo, akafunga droo.

"Ndugu yangu," akasema kwa upole, "kama meno yenyewe si yako, nyumba ndiyo itakuwa yako?"

Asali akarudi kliniki mbio, meno kwenye leso. Daktari hakupandisha sauti. Alimweleza kwamba ile ilikuwa siku ya kujaribisha tu. Meno yalishikizwa kwa nta ili yarekebishwe kabla ya kugandishwa kabisa. Nta na chai ya moto, wapi na wapi! Asali akakiri yote, kuanzia kampuni hadi wale mama wakwe, akangoja polisi waitwe.

"Kampuni haipo, sawa," akasema daktari. "Lakini ulimi upo. Meno nitayamaliza, na wagonjwa ulioniahidi utaniletea."

Sasa benchi la kliniki linajaa. Kila asubuhi Asali anakabidhiwa meno yake, anasimama barabarani kushawishi wapita njia mpaka jua lizame. Jioni anayavua, daktari anayatia kwenye kikombe cha maji, anafunga kabati na kuweka ufunguo mkobani. Asali akiuliza lini atayachukua moja kwa moja, mama yule humkumbusha, bila kinyongo, kwamba kampuni aliyoitaja ilikuwa kubwa sana.