Babu Yangu wa Msafara

Alhamisi, tarehe 28 mwezi wa nane
Maulidi imekaribia na bado haijulikani nani atatangulia maandamano na chetezo cha ubani. Kamati ya msikiti imesema atabeba yule ambaye babu yake alifika huku na msafara wa pwani, tena alete ushahidi. Sumaili mshonaji, jirani yangu, ameanza kutembea kifua mbele. Eti babu yake aliongoza msafara! Marehemu baba alikula vumbi nyuma ya maandamano maisha yake yote. Mimi sikubali.

Ijumaa, 29
Nimekwenda kwenye ofisi ya nyaraka za zamani. Mama Jeanne, mtunzaji, amenionya kwamba nyingi ziliibwa wakati wa vita zikaishia sokoni, kufungia karanga. Nimepekua mpaka nikapiga chafya kama mbuzi. Hakuna kitu.

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa tisa
Nimempata! Karatasi ya 1893, miaka ile ya vita vya Wabelgiji na Waarabu. Kifaransa, mwandiko mbaya. Lakini jina linasomeka: Ayoubu bin Bulaimu, mtu wa pwani, wa msafara. Njo babu, ndiye hasa! Hata jina langu ni lake. Mama Jeanne akaniambia nisome mpaka chini. Nisome nini tena? Nimechukua fotokopi, mbio. Nimepita mbele ya cherehani ya Sumaili, nikarudi, nikapita tena polepole.

Jumanne, tarehe 2
Aibu tupu. Nilimpa mwalimu Arsène aisomee kamati. Yeye akasoma mpaka chini! Kumbe Ayoubu bin Bulaimu alikuwa mpishi. Kiongozi wa msafara, babu yake Sumaili kweli, alimwacha hapa mtoni kwa sababu aliunguza wali kila kambi. Mzee Bakari wa kamati alicheka mpaka akavua miwani afute machozi. Chetezo kimekwenda kwa Sumaili. Mimi nimepewa sufuria ya pilau ya Maulidi. Kazi ya ukoo, wamesema.
Mama yangu hakucheka. Amesema baba angalau alikuwa ndani ya maandamano, mimi nitayasikilizia jikoni. Imeniuma sana.

Ijumaa, tarehe 5
Maulidi. Pilau ilikuwa inakwenda vizuri. Halafu wazo: huyu mpishi, je, hakuwa na ndugu mkubwa? Nikatoa fotokopi, nikaazima kamusi, nikasoma. Safari hii mpaka chini, neno kwa neno.
Maandamano yalipofika, ubani wote wa Sumaili ulishindwa na moshi wa sufuria yangu. Sumaili akafunua, akachungulia, akageukia kamati.
"Sasa tunaamini ile karatasi. Ayoubu njo mujukuu ya ule mpishi kabisa."
Kamati nzima ikaitikia kwamba ni kweli, hakuna shaka tena. Mama akajifunika uso kwa kitenge.
Mimi nilimkimbilia Arsène aandike maneno hayo palepale, na mzee Bakari atie sahihi. Ukoo wa pwani, umethibitishwa mbele ya mashahidi! Mwaka ujao, chetezo atabeba nani kama si mimi?