Friji ya Mafuta na Wakwe wa Murang'a

Naro Moru, Jumatatu, 14 Julai 1980

Kwako daftari. Salamu nyingi sana. Mimi mzima. Baba Wamucii mzima, ila mgongo. Wamucii binti yetu mzima, ila hali chakula vizuri kwa sababu ya kuchumbiwa. Mdogo wake Ndungu mzima, viatu ndivyo vimekufa. Ng'ombe pia anasalimu. Mwalimu wa ngumbaru, yale masomo ya watu wazima, alitufundisha kuandika barua tu, kwa hivyo nivumilie.

Friji ndiyo si mzima. Baba Wamucii aliinunua kwa mnada wa mzungu aliyehama. Ni ya mafuta ya taa: unawasha moto chini, ati juu inatoa barafu. Wiki tatu sasa, maji ya kile kisahani cha barafu yana joto ya kuogesha mtoto! Na Jumamosi wakwe wanatoka Murang'a kuleta mahari. Na mimi nilishatangazia akina mama wa kanisa kwamba watakunywa soda na barafu. Kwa nini nilisema? Mwenzetu mmoja, Watiri, alikuwa anaringa na thamosi yake mpya ya chai. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema barafu ikionekana, atanioshea sufuria zote za sherehe. Ikikosekana, atasimama awaambie wakwe kwamba mama ya msichana ni mwongo.

Mtoto wangu akataliwe kwa ajili ya mdomo yangu! Kesho naenda Nyeri kutafuta fundi.

Jumanne, 15 Julai

Nyeri, kwa Shashikant wa duka la spea. Alisema friji za aina hiyo hushikwa na tumbo, dawa ya ndani inakataa kutembea. Nimwage mafuta. Niipindue kichwa chini siku nzima. Niisimamishe sawasawa. Niwashe moto mdogo wa bluu. Nisifungue mlango mpaka kesho yake. Akataka kuniandikia. Nikakataa, asidhani sijui kitu.

Jumatano, 16 Julai

Wanaume wanne waliipindua. Nilisahau neno moja tu: kumwaga mafuta. Yameingia kwenye kochi, yameingia kwenye gunia la mahindi. Baba Wamucii akatoa sigara kutuliza roho. Tulimrukia nyumba nzima!

Kuku ametaga juu ya friji. Dalili njema.

Alhamisi, 17 Julai

Imesimama. Nikawasha. Moto wa bluu ulikuwa mdogo, wa kuhurumia. Sufuria ikikawia, si unaongeza kuni? Nikapandisha utambi. Moshi! Vitambaa vya kochi nilivyoshona mwaka mzima sasa ni vyeusi kama vya msiba. Mlango nilifungua mara kumi na moja, kumjulia hali. Mgonjwa huachwa peke yake?

Wamucii analia. Ati Maitu, mama yangu, wape wakwe chai tu kama watu wengine. Nikamwambia chai hata Watiri anayo.

Ijumaa, 18 Julai

Akili! Ndugu yangu Muriithi hupandisha wazungu mlimani. Leo ameshuka na barafu ya mlima kwenye gunia, imefunikwa na vumbi la mbao. Kubwa kama kichwa ya ndama. Iko na mchanga, lakini ni barafu. Alisema niiache nje, usiku huu utagandisha hata mbwa. Niiache nje na niko na friji? Nimeiweka ndani, nikaipandishia utambi ikae vizuri.

Jumamosi, 19 Julai

Asubuhi nyasi zote zilikuwa nyeupe kwa barafu. Ndani ya friji: maji moto na mchanga.

Wakwe walifika na manyunyu, wanatetemeka ndani ya makoti. Watiri alikaa mbele kabisa. Akasimama. Akakohoa. Lakini mzee Gatimu, baba ya kijana, alimkatiza. Akaomba radhi, akasema wao ni watu wa kifua, tafadhali wasipewe soda baridi.

Nikafungua friji. Soda ilikuwa moto mpaka chupa inapasha viganja! Mzee alishika na mikono miwili, akafumba macho. Akasema amezunguka Kenya yote, hajaona watu wastaarabu hivi, mashine nzima ya kupasha soda! Mahari ikakubaliwa kabla ya mbuzi kuiva.

Jumapili, 20 Julai

Watiri amekataa kuosha sufuria. Ati barafu hakuiona. Ataiona! Baada ya ibada nimesimama nikatangaza: harusi ya Desemba, aiskrimu, watu mia mbili. Baba Wamucii alikalia kofia yake.

Kama siku moja kichwa chini ilileta baraka hii, nimeamua friji ikae hivyo mpaka Desemba. Wale wanaume wanne wako mlangoni, wanauliza kama mafuta yamemwagwa. Nimewaambia wasinifundishe friji.

Daftari, kama unajua aiskrimu hutiwa nini, nijibu upesi, kabla Watiri hajauliza.